Arei ndani ya arei: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kunyoosha arei (orodha za vitu) zilizobeba arei nyingine, yaani kuvitoa vitu vyote vikae kwenye orodha moja isiyo na ngazi, kwa kutumia fanksheni inayojiita yenyewe, yaani rekasheni. Nayajibu moja moja.

Shikamoo mwalimu. Nina orodha ya kata za Dar kwenye JavaScript, nyingine zimefichwa ngazi tatu ndani. Nimeandika lupu (msimbo unaorudiwa kwa kila kitu) ndani ya lupu ndani ya lupu, lakini ikitokea ngazi ya nne napata matokeo ya ajabu. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Kijitonyama)

Marahaba. Hizo lupu zako zinabahatisha kina cha data, na kesho atakuja mtu na ngazi ya tano. Jaribu hii:

```
function nyoosha(orodha, jibu = []) {
  for (const kitu of orodha) {
    if (Array.isArray(kitu)) nyoosha(kitu, jibu);
    else jibu.push(kitu);
  }
  return jibu;
}
```

Ipe `["Msasani", ["Kariakoo", ["Sinza"]], "Mbagala"]` uifuatilie kwa kalamu. Inakuta Msasani, si arei, inaiweka kwenye jibu. Kinachofuata ni arei, basi inajiita. Huko ndani inaweka Kariakoo, inakuta arei tena, inajiita mara nyingine, inaweka Sinza. Hapo orodha ya ndani kabisa imekwisha: mwito wa tatu unarudi kwa wa pili, wa pili unarudi kwa wa kwanza, na wa kwanza unaendelea pale pale ulipoachia, anaingia Mbagala. Wengi wanakwama hapo kwenye kurudi. Wanadhani mwito wa kwanza ulikufa, kumbe ulikuwa unasubiri.

Kinachoizuia isizunguke milele ni kwamba kila mwito hupewa kipande kilicho ndani zaidi, na kitu kisicho arei hakizai mwito mpya. Arei tupu nayo haina shida, lupu haizunguki hata mara moja.

Mambo mawili ya kuangalia. Usipime kwa `typeof`, maana arei nayo itakujibu `"object"`; `Array.isArray` imo kwenye lugha tangu 2009. Halafu ona kwamba `jibu` ni moja tu linalopitishwa kote. Mifano mingi inaunganisha kwa `concat` kila hatua, na kila mara arei nzima inanakiliwa upya. Kwa kata chache hutaona tofauti, ila kwa maelfu ya vitu utaiona.

Kaka, kwani `flat()`, ile fanksheni ya JavaScript ya kunyoosha, haipo? Kwa nini tujitese? (Fundi wa tovuti, Tegeta)

Ipo tangu toleo la 2019, na kazini tumia hiyo. Kumbuka tu kwamba bila maelekezo inanyoosha ngazi moja. Ukitaka zote andika `flat(Infinity)`. Ilikuwa iitwe `flatten`, lakini jina hilo lingevunja tovuti za zamani zilizotumia maktaba ya MooTools, ndipo mwaka 2018 likabadilishwa. Kujitesa kunakuja kwenye usaili, ambako utaambiwa uiandike mwenyewe. Nami naona ni swali la haki.

Natumia Python. Orodha yangu ina ngazi mbili tu, lakini napata RecursionError, kosa la fanksheni kujiita mara nyingi mno. Rafiki kaniambia niongeze kikomo. (Sinza)

Usimsikilize. Kikomo cha kawaida ni miito 1000, na ngazi mbili haziwezi kukifikia. Nadhani msimbo wako unauliza kama kitu kinaweza kuzungukiwa na `for`, badala ya kuuliza kama ni orodha. Neno "Temeke" linaweza: litatoa herufi T, nayo T ukiizungukia itakupa T ile ile, na T tena, bila mwisho. Uliza `isinstance(kitu, list)` na tatizo litaisha.

Na data ikiwa na kina kirefu kweli? (Ubungo)

Acha rekasheni. Weka steki yako mwenyewe: arei ya vitu vinavyosubiri, unatoa cha mwisho; kikiwa arei unarudisha vilivyomo, kisipokuwa unakiweka kwenye jibu. Matokeo yatatoka kinyumenyume, kwa hiyo yageuze mwishoni. Lakini arei iliyojibeba yenyewe itakushinda hata hapo, mpaka uweke kumbukumbu ya ulizokwisha kupita.

Bosi anataka ripoti za wilaya zote tano zinyooshwe ziingie Excel. Nimezinyoosha, sasa hajui mtaa upi ni wa wilaya gani. (Dada wa Posta)

Dada, hapo fanksheni haina kosa, ulichoagizwa ndicho kilichopoteza habari. Ukinyoosha, ngazi zinafutika, na mitaa miwili yenye jina moja haitenganishiki tena. Ongeza kigezo cha tatu, `njia`, ambacho kila mwito unakirefusha kwa jina la ngazi unayoingia: kwanza Ilala, kisha Ilala na Kariakoo. Ukifika kwenye mtaa, usiusukume peke yake. Sukuma mstari mzima: wilaya, kata, mtaa. Bosi atapata safu wima tatu, na atachuja anavyotaka.