Bourgogne kwa baiskeli ya changarawe: uliza mvua ilinyesha lini

Rafiki zangu wanaotaka kuja kuendesha baiskeli ya changarawe, ile ya njia zisizo na lami, kwenye mashamba ya mizabibu ya Ufaransa huniuliza kwanza habari za kilomita: ngapi kwa siku, ngapi kwa jumla. Mimi huwajibu kwa swali: mvua ya mwisho ilinyesha lini? Kwenye Côte de Beaune, ule ukanda wa mashamba ya Bourgogne ulio kusini mwa mji wa Dijon ninaoufikia kwa treni kutoka Lyon, njia hiyohiyo inaweza kukupa siku ya raha tupu au siku nzima ya kukwangua tope kwenye madigadi. Anayeamua ni udongo.

Mteremko wenyewe ni mwembamba. Chini kabisa, upande wa mashariki wa barabara ya D974, ardhi ni tambarare, na udongo ni mzito wenye mfinyanzi mwingi. Maji yakiingia hapo hayana haraka ya kutoka. Ukivuka barabara na kuanza kupanda kuelekea magharibi, udongo unapungua kina na mawe ya chokaa yanajitokeza. Katikati ya mteremko ndiko yaliko mashamba yenye majina makubwa, Montrachet likiwemo. Juu yake kuna kingo za miamba na msitu, kisha nyanda za Hautes-Côtes. Wakulima wa hapa wameusoma mteremko huu kwa karne nyingi, kipande kwa kipande, na kila kipande kina jina na mpaka wake. Vipande hivyo, wanavyoviita climats, viliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015. Ujuzi huo unakufaa wewe wa baiskeli hata kama huonji tone la mvinyo. Bei ya chupa inapanda kadiri maji yanavyopita vizuri kwenye ardhi, na mahali maji yanapopita vizuri ndipo tairi lako halitazama.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Mvua ikiwa imenyesha jana au juzi, achana na vinjia vya tambarare vya mashariki, hata kama ramani inavionyesha vimenyooka na vinavutia. Panda juu kwenye chokaa. Nayo ikilowa hutoa uji mweupe unaoganda kwenye cheni na gia, lakini chini ya uji huo kuna jiwe, na tairi linashika. Ukifika unakolala, omba mpira wa maji uioshe baiskeli jioni hiyohiyo. Uji ule ukikauka unakuwa kama saruji.

Uti wa mgongo wa safari ni Voie des Vignes, njia ya baiskeli ya kilomita 20 na ushei kutoka Beaune hadi Santenay, inayopita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet. Sehemu kubwa imesakafiwa, na magari ni machache. Wengi huishia hapo na kurudi. Ushauri wangu ni kuitumia wakati wa kurudi tu. Asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu, toka Beaune hadi Meursault, upite Auxey-Duresses, kisha upande hadi Saint-Romain, kijiji kilichokaa chini ya miamba mirefu. Endelea juu hadi Orches, kisha La Rochepot yenye kasri la paa za vigae vya rangi, ndipo ushuke Nolay, ambako soko la zamani la mbao lenye paa la mawe limesimama tangu karne ya 14. Kutoka Nolay unafuata bonde hadi Santenay, na Voie des Vignes inakurudisha Beaune. Mzunguko wote ni kama kilomita 60. Usidharau tarakimu hiyo. Juu kule njia nyeupe zinapanda na kushuka bila kupumzika, na anayezipita mbio hatakiona alichokuja kukiona.

Huko juu ndiko kunakonifurahisha zaidi. Utakutana na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, vibanda vidogo vya mawe walivyojengewa wakulima kujikinga na mvua, ng'ombe weupe wa Charolais kwenye malisho, na unaweza kwenda muda mrefu bila kusikia injini. Ukiwa na pumzi ya ziada karibu na Santenay, panda Mont de Sène, mlima wa misalaba mitatu wenye mita 521. Mashamba yote uliyoyapita siku nzima utayaona chini yako.

Aliyezoea barabara za vumbi jekundu za Iringa au Iten ajue kwamba chokaa ni kitu kingine. Vumbi letu linateleza. Mawe ya hapa yanakata. Hatari kubwa ni ubavu wa tairi kuchanika, hasa kwenye mashuko. Mimi natumia tairi za milimita 40 zenye ubavu mgumu, zisizo na tyubu ndani, na bado nabeba tyubu moja ya akiba, pampu, na kipande cha tairi kuukuu cha kuzibia ndani ubavu ukipasuka. Upepo naupunguza kidogo nikifika kwenye changarawe na kuuongeza nikirudi kwenye lami. Gia nyepesi ni za lazima. Miteremko si mirefu, lakini mingine imesimama wima.

Sasa jambo ninalotaka ulisome mara mbili. Unapita kazini kwa watu. Vinjia vingi vya mizabibu vipo kwa ajili ya trekta. Vile vinavyoitwa chemin rural ni vya kijiji na kila mtu anaruhusiwa kupita. Vile vya chemin d'exploitation ni vya wenye mashamba yanayopakana navyo, na wana haki ya kuvifunga. Ukikuta mnyororo au kibao, geuka. Usiingie kamwe katikati ya mistari ya mizabibu, na usichume hata zabibu moja: shamba dogo la hapa linaweza kuwa riziki ya mwaka mzima ya familia. Zile trekta ndefu zinazotambaa juu ya mistari hazikuoni vizuri, kwa hiyo simama pembeni uzipishe. Kuanzia Mei hadi katikati ya kiangazi wanapulizia dawa. Ukiona ukungu unatoka kwenye trekta, subiri upande ambao upepo unatokea mpaka dereva amalize. Na msalimie kila unayempita. "Bonjour" moja yenye heshima imenipatia maji, njia ya mkato, na mara nyingi simulizi nzuri kuhusu shamba lililo mbele yangu.

Maji yanahitaji mpango. Vijiji vina mabomba, lakini soma kibao: "eau potable" ni ya kunywa, "eau non potable" si ya kunywa. Makaburi ya vijijini huwa na bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wengi hujaza hapo. Ingia kwa adabu, vua kofia. Chakula nacho kina saa zake. Migahawa hupika mchana kati ya saa sita na saa nane, baada ya hapo jiko limefungwa. Jumatatu duka la mikate linaweza kuwa limefungwa, na Jumapili alasiri kijiji kizima kimelala. Mimi nanunua mkate na jibini asubuhi Beaune, na siku inakuwa yangu.

Kwa msiokunywa, na najua ndugu zangu wengi wa pwani hamnywi, msidhani safari hii si yenu. Agizeni maji ya sharubati ya cassis, tunda dogo jeusi linalolimwa sana Bourgogne, au ulizeni maji ya zabibu. Hakuna atakayewashangaa. Na mnaokunywa, onjeni baada ya kuegesha baiskeli. Kiwango cha sheria cha gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu kinamhusu mwendesha baiskeli kama kinavyomhusu dereva.

Kuhusu msimu, mimi ni wa Mei, Juni, au mwanzo wa Oktoba mavuno yakishaisha. Julai na Agosti jua la mashambani halina kivuli. Ukija wakati huo, anza alfajiri na uwe msituni ikifika saa sita. Kuanzia katikati ya Septemba wawindaji wanaingia misituni. Vaa rangi kali, na ukikuta kibao cha "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, rudi ulikotoka. Jumapili ya tatu ya Novemba Beaune ina mnada wa mvinyo wa Hospices, ile hospitali ya kale ya hisani, na kitanda kinakuwa adimu.

Mvua ikikataa kabisa kukatika, usiung'ang'anie mteremko. Panda treni ya mkoa, TER, hadi Chalon-sur-Saône, uende Givry, na ufuate reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli mwaka 1997. Inapita kwenye mizabibu na vijiji kwa kilomita 44 hadi Cluny, karibu tambarare yote, na tope hakuna. Nafasi za baiskeli kwenye TER ni chache na wikendi ya jua hujaa mapema, kwa hiyo chukua treni ya kwanza. Ukitaka kuendelea hadi Mâcon, handaki la Bois Clair, lenye kilomita 1.6, hufungwa majira ya baridi ili popo walale. Miezi hiyo utalazimika kupita juu ya kilima.