Jibu: Kikokotoo cha bei za mabango, nianze kurekebisha wapi?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kikokotoo chako cha bei za mabango, kilichoandikwa kwa jQuery (maktaba ya zamani ya JavaScript, lugha ya kuziendesha kurasa za wavuti) miaka mingi iliyopita, kiandikwe upya kwa React, maktaba mpya zaidi ya lugha hiyohiyo. Nimeupitia msimbo ulioubandika mstari kwa mstari, na ushauri wangu ni kwamba uiweke React kando kwanza, kwa sababu kinachokuumiza ni hesabu yenyewe.

Chukua bango la mita 3 kwa mita 2.5, kwa bei yako ya shilingi 12,000 kwa mita ya mraba. Jibu ni 90,000, lakini kikokotoo kinatoa 72,000, kwa kuwa parseInt, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili, huikata 2.5 ikabaki 2, na duka linapoteza 18,000 bila mtu kugundua. Mteja akiongeza huduma ya usanifu ya 15,000, mambo yanazidi kuharibika: kinachotoka kwenye kisanduku cha fomu ni maandishi, si namba, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha tu, hivyo anaonyeshwa 7200015000, yaani zaidi ya shilingi bilioni saba kwa bango moja. Kosa hili angalau linajitangaza. Lile la kwanza ndilo la kuogopa.

Kuweka parseFloat, inayosoma desimali, badala yake hakutoshi, maana wapo wateja wanaoandika 2,5 kwa mkato, nayo parseFloat huishia palepale kwenye mkato. Mimi huomba vipimo kwa sentimita, namba kamili tu: 300 mara 250 ni 75,000, unazidisha kwa bei, unagawanya kwa 10,000, yaani sentimita za mraba zilizomo katika mita moja ya mraba. Kwa njia hiyo unaziepuka pia desimali za JavaScript, ambamo 1.1 mara 1.1 hutoa 1.2100000000000002.

Niliwahi kufanya kazi ya namna hii kwa duka moja la vioo, nikaianza vibaya. Nilishughulikia mwonekano kwanza, kisha nikaandika hesabu upya, na katika kusafisha nikafuta sharti moja lililojificha katikati ya mstari mrefu, nikidhani ni takataka. Kumbe ndiyo ilikuwa bei ya chini kabisa ya kipande kidogo. Wiki haikuisha kabla mwenye duka hajanipigia simu kuniuliza kwa nini tovuti yake inauza kioo kwa bei ya kutupa. Tangu hapo huomba kwanza daftari la mauzo, nikachagua bei kumi na tano hivi zilizokwisha kutozwa, vile vipimo vya ajabu vikiwemo, na msimbo mpya hauendi hewani mpaka utoe bei zilezile.

Baada ya hapo, hamishia hesabu yote kwenye fanksheni moja inayopokea vipimo na viwango na kurudisha bei, bila kugusa ukurasa. Yaliyobaki ni kubadilisha maandishi ya kizamani kuwa ya kisasa, yaani onclick (ya kupokea mbofyo) kuwa addEventListener, var (ya kutaja vigeu) kuwa const na let za mwaka 2015, na Intl.NumberFormat ya kupanga maelfu, nayo ni kazi ya jioni moja.

Nimeona pia umeandika 1.18 ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ya Tanzania Bara, sehemu tatu tofauti, ilhali kiwango si kimoja kila mahali wala hakidumu. Zanzibar kiwango ni asilimia 15, na Kenya walishuka kutoka 16 hadi 14 Aprili 2020, wakarudi 16 Januari 2021. Aliyekuwa ameitawanya namba hiyo kwenye msimbo aliisaka mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Iweke mahali pamoja, pamoja na bei zako zote.

La mwisho ni kwamba fomu yako inaitumia seva, yaani kompyuta inayoiendesha tovuti, jumla iliyokwisha kokotolewa, ilhali yeyote anayejua kufungua zana za kivinjari anaweza kuibadilisha iwe shilingi 500. Tuma vipimo tu, seva ikokotoe yenyewe. Ukishaitenga hiyo fanksheni, ibandike hapa pamoja na bei chache za daftarini, nitaipitia.