Blenda au juisa? Jibu kwa dada aliyehamia Ilazo

Dada, nimelisoma swali lako, ununue blenda au juisa, nikaona nikujibu kwa kirefu, maana vyombo vyote viwili viko jikoni kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, na vyote navitumia. Umesema umehamia Ilazo, una watoto wawili wadogo, unaishi na mama mzazi mwenye kisukari, na hela iliyopo inatosha chombo kimoja. Nunua blenda, na iwe ile yenye kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu. Nyingi ya sababu zangu zinatokana na hapa hapa tunapoishi.

Kwanza kazi ya kila kimoja. Blenda ina visu chini ya jagi, inasaga kila ulichotia: nyama ya tunda, nyuzi zake, na mbegu kama hukuzitoa. Ukitaka juisi nyepesi unachuja mwenyewe. Juisa inafanya kinyume: inalikwangua tunda kwenye chujio la chuma linalozunguka kwa kasi kubwa, maji yanatokea upande mmoja na makapi upande mwingine. Ziko pia juisa za taratibu, zinazokamua kwa parafujo kwa mizunguko kama 40 hadi 100 kwa dakika. Hizo zinakamua vizuri zaidi na hazipigi kelele, ila bei yake ni ya juu sana ukilinganisha na blenda ya kawaida.

Sasa fikiria juisi tunazokunywa Dodoma. Ubuyu, ukwaju, rozela. Hakuna hata moja kati ya hizo inayopita kwenye juisa, kwa sababu juisa inahitaji tunda lisilokaushwa, lenye maji yake. Ubuyu unaloweka, unavuruga mpaka unga uachie mbegu, unachuja, ndipo unautia kwenye blenda pamoja na ndizi mbivu au maziwa. Hicho ndicho kinywaji wanachokipenda kuliko vyote watoto wa nyumba hii. (Mbegu za ubuyu usizitie kabisa, ni ngumu mno, zitakuharibia visu.) Ndizi na parachichi nazo juisa haiziwezi, zinaganda kwenye chujio kama uji mzito, na unachopata kwenye glasi ni kidogo. Embe na papai zinapita kwa shida, na sehemu kubwa inaishia kwenye makapi.

Zabibu nazieleza kwa urefu kidogo, maana kila mgeni wa Dodoma huziulizia. Hapa zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika zinashuka bei, ukienda hadi Makutupora, Hombolo au Mpunguzi unazipata kwa wakulima wenyewe. Zabibu nyingi za huku ni za mvinyo, zina mbegu na ganda gumu. Ukizisaga kwenye blenda kwa muda mrefu mbegu zinapasuka na juisi inakuwa chungu kidogo, inakausha ulimi. Kwenye juisa maganda yanaziba chujio na unasimama kila mara kulisafisha. Mimi nafanya hivi: nazitoa kwenye vikonyo, naziosha, naziweka kwenye sufuria na maji kidogo sana, moto mdogo, mpaka maganda yalainike na rangi itoke. Naziponda kwa mwiko, nachuja kwa kitambaa safi, naacha zipoe. Sukari haihitajiki. Ukitaka kutumia blenda, bonyeza na kuachia mara chache tu, mbegu zibaki nzima, kisha uchuje. Pasheni nayo ifanyie hivyo hivyo.

Jambo la pili ni maji. Mtaani kwetu maji yanatoka kwa mgao, na Ilazo utajionea mwenyewe ratiba yake. Juisa ina vipande vitano au sita vya kuosha kila unapoitumia, na lile chujio lazima ulisugue kwa brashi papo hapo. Makapi yakikauka hayatoki tena. Blenda unatia maji nusu jagi na tone la sabuni, unaiwasha sekunde chache, unamwaga, unasuuza. Kwa nyumba yenye ndoo za kuhesabu, tofauti hiyo ni kubwa. Nina hakika watu wengi wanaziweka juisa juu ya kabati kwa sababu ya kuosha, wala si kwa sababu ya juisi yenyewe.

Jambo la tatu ni kwamba blenda inafanya kazi usizozihesabu ukiwa dukani. Nyanya na kitunguu cha rosti. Pilipili ya chupa. Tui, ukipata nazi zilizopanda kutoka pwani: unakuna, unatia maji ya vuguvugu, unasaga, unachuja. Na karanga! Huku ndiko kwenye karanga, usikae Dodoma ukanunua za pakiti. Zikaange, zipepete maganda, zisage kwenye kile kikombe kikavu kwa vipindi vifupi, ukitia kwenye mlenda au mboga ya majani utanikumbuka. Vipindi vifupi nimevisema makusudi: karanga zinatoa mafuta, zinakuwa nzito, na mota inapata joto haraka. Saga kidogo, pumzisha, koroga kwa kijiko, endelea.

Kuhusu mama, hapa naomba unisikilize vizuri. Wengi wanadhani juisi ya juisa ni dawa kwa sababu ni ya tunda tupu. Juisa inatoa nyuzi na kukuachia maji yenye sukari ya matunda manne au matano kwenye glasi moja, kiasi ambacho mama asingekimaliza kwa kutafuna. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaiweka sukari ya juisi ya matunda kundi moja na sukari inayoongezwa kwenye vyakula, ile ya kupunguza. Blenda angalau inabakiza nyuzi, mradi usichuje. Lakini nayo isiwe ruhusa ya kunywa jagi zima. Kwa mama, tunda la kutafuna ndilo bora, na kiasi chake mpangiwe kliniki anakohudhuria. Ukitaka kumsagia kitu, tango, mchicha kidogo, tangawizi na limau, bila embe wala tikiti.

Juisa ina sehemu yake, sitaidhulumu. Karoti, kiazi chekundu cha bitiruti, tufaha na tangawizi inazikamua vizuri, juisi inatoka safi isiyo na chengachenga. Kwa nyumba inayokunywa karoti kila siku, yenye tangi la maji na mtu wa kuosha, nitasema nunueni. Ila jua inakula mali: kilo moja ya karoti kwangu inatoa nusu lita hivi, mara nyingine haifiki. Makapi yake mimi nayatia kwenye chapati au nawapa kuku. Na hata karoti blenda inaiweza ukiikata vipande vidogo, ukaongeza maji na kuchuja.

Umeuliza pia kuhusu umeme. Usiogope LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Blenda ya wati 500 ukiiwasha dakika 2 inakula kama 0.017 ya uniti, yaani uiwashe mara 60 ndipo uniti moja iishe. Kinachonisumbua ni maboksi ya blenda yaliyoandikwa wati 4,500. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 230 mwisho wake ni karibu wati 3,000. Chombo cha plagi hiyo hakiwezi kufanya kazi kwa wati 4,500 kwa muda wowote wa maana. Duka likikushawishi kwa namba hiyo, angalia mengine. Kwa nyumba yako wati 400 hadi 600 za kweli zinatosha.

Ukiwa dukani, omba waiwashe ikiwa na maji ndani. Sikiliza kama inakwaruza, na uone kama maji yanavuja chini kwenye raba. Geuza jagi utazame yale meno yanayoshika mota: yakiwa ya plastiki laini yataisha mapema, hasa kwa karanga na barafu. Jagi la kioo halishiki harufu ya kitunguu, ila kwa watoto wadogo mimi ningechukua la plastiki nene. Uliza kabla ya kulipa kama raba, visu na jagi vinauzwa peke yake. Mota huishi muda mrefu, jagi ndilo linalotangulia kupasuka, na blenda isiyo na jagi la kubadilisha utaitupa ikiwa bado nzima.