Simoni hakuulizwa kadi

Mwanangu,

Ulinipigia ukiniuliza umjibu nini mkeo. Anataka kujua Kwaresima imeandikwa wapi kwenye Biblia, maana kanisani kwao hufunga Januari na hawapakani majivu. Nikakwambia nitakuandikia, kwa sababu kwenye simu mimi husahau nusu.

Mpeleke Mathayo sura ya 4, siku 40 za Yesu jangwani. Akihesabu toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu atapata 46, na atadhani amekushika. Aondoe Jumapili 6, kwa kuwa Jumapili hatufungi. Na kabla hajauliza, mwambie wewe mwenyewe kwamba Jumatano hiyohiyo tunasomewa Mathayo 6, kwamba ukifunga unawe uso watu wasijue, halafu tunapanda matatu na paji la uso jeusi. Akicheka, cheka naye. Hata mimi hunichekesha.

Lakini mkaza mwanangu haulizi hayo. Nadhani anauliza kama akija kwenye Njia ya Msalaba, yale maandamano yetu ya Ijumaa Kuu yenye vituo 14, atatazamwa kama mgeni, na hapo ndipo nina neno.

Unamjua baba yako na kanisa. Mwaka ule alikuwa bado soja, mlinzi wa lango kule Industrial Area, zamu ya usiku. Ijumaa Kuu tulikuwa barabarani tangu asubuhi, wewe ukiwa umeng'ang'ania leso yangu ukitaka maji. Msalaba ulikuwa wa mkaratusi mbichi, mzito, bado unatoa utomvu. Kijana aliyeigiza Yesu alikuwa amefunga kweli, si mchezo, na kufika kituo cha nne miguu ilikuwa inampiga chenga. Kituo cha tano ni cha Simoni wa Kirene, yule mpita njia aliyelazimishwa kumbebea Yesu msalaba. Aliyepangiwa kuwa Simoni hakuonekana. Wale askari wa Kirumi, vijana wetu wenye kofia za katoni, wakaangaza huku na huku, wakamwona mwanamume anapita kando ya barabara na sweta ya kazi na kurunzi mkononi, anakwenda nyumbani kulala. Wakamkamata mkono.

Baba yako! Nilidhani atawatukana. Akanipa kurunzi, akainama, akaubeba. Marko anasema Simoni alikuwa akitoka shamba. Huyu wangu alikuwa anatoka langoni, macho mekundu, hajaonja hata chai. Tulipofika kituo cha sita, cha Veronika aliyempangusa Yesu uso, watu walikuwa wanaitikia "kwa kuwa umewakomboa watu kwa Msalaba wako Mtakatifu" kwa sauti ambayo sijaisikia tena, na makondakta walikuwa wamezima muziki.

Kabla ya kituo cha saba akaja kiongozi mmoja wa kanisa, simtaji, akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: huyu ni wa jumuiya gani, kadi yake ya zaka iko wapi? Akautoa msalaba begani mwake, akampa mtu wake. Nikamwambia, "Simoni aliulizwa kadi?" Akina mama wakaguna. Baba yako akachukua kurunzi yake, akasema amechoka, akaenda zake. Utomvu ulibaki kwenye ile sweta, bega la kulia, ukawa mgumu kama ukucha. Nilisugua kwa mafuta ya taa, wapi! Na maandamano hajayarudia.

Unanijua kwa msemo wangu: kufunga bila kutembea ni njaa tu. Mimi sheria ya mfungo haini­shiki tena, inawashika wa miaka 18 hadi 59, nami nimeshavuka. Bado nafunga na bado natembea. Ingawa magoti haya, siku hizi naishia njiani nikingoja bodaboda, kwa hiyo labda msemo wenyewe unahitaji kupunguzwa makali. Hapana. Nitausema hivyo hivyo. Baba yako siku ile hakujua hata kama amefunga, na kati yetu wote yeye ndiye aliyetembea. Yule kiongozi alikuwa na kadi iliyojaa mihuri. Lakini pia, nikiwa mkweli, kanisa haliwezi kukaa bila utaratibu, kila mpita njia akijinyakulia msalaba tutafika lini Kalvari? Nalijua hilo. Bado linaniuma.

Sasa, kama mkeo aje au asije, mimi siingilii nyumba ya mtu. Majivu si lazima, kadi hatuulizi, na kama bado ananyonyesha ale ashibe, hakuna padri atakayemkataza. Tunaanza saa mbili asubuhi. Avae viatu vya bapa na abebe leso ya kupigia magoti, kwa sababu kufika kituo cha nane lami inachoma. Kama hana, mimi ninazo.

Na asipotaka kabisa, basi nileteeni watoto Alhamisi jioni, walale hapa.

Mama yako