Kompresa haizibui mipira ya matone

SWALI: Assalaam aleykum fundi. Nina nyanya na pilipili hoho Makunduchi, robo eka, namwagilia kwa mipira ya matone, maji ya kisima. Huu msimu wa pili na matone yamepungua, mistari mingine mikavu kabisa. Nyumbani nina kompresa ya lita 50 ya kujazia matairi. Kuna fundi kanambia niiunge kwenye bomba kuu nipulize, maji na uchafu vyote vitatoka. Nifungue presha kiasi gani?

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu. Sufuri. Usiiunge.

Kila masika yakimalizika, watu wanapotandika mipira upya, swali hili hunijia, na kila mara nyuma yake yupo "fundi mmoja". Mchezo huu asili yake ni nchi za baridi. Huko maji yakiganda ndani ya bomba hutanuka kwa asilimia 9 hivi na kulipasua, kwa hiyo kabla ya baridi kuingia huyatoa kwa upepo. Wanachotoa ni maji, si uchafu. Makunduchi maji yanaganda kwenye friji tu.

Wewe kisima chako kimo maweni, na mawe hayo ya matumbawe ni chokaa tupu. Tone likikauka kwenye tundu huacha chokaa kidogo, kesho kidogo tena, mpaka inakuwa ukoko kama ule wa ndani ya birika la chai. Nani kasafisha birika kwa kulipulizia? Na upepo hupita palipo wazi: utatokea kwenye matundu mazima, yaliyoziba yatabaki vilevile. Hata mchanga hauutoi vizuri, maana upepo ni mwepesi, hauna nguvu ya kuukokota kama maji.

Kata kipande chenye tundu lililoziba, udondoshee ndimu. Kikitoa povu, ni chokaa. Hapo dawa ni asidi ya sitriki au ya fosforiki: vaa glavu, mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, shusha pH (kipimo cha ukali wa asidi, kikishuka ndio ukali unazidi) mpaka 3 hivi, ijaze mipira na uiache nusu saa hadi saa nzima. Klorini isikaribie siku hiyo, zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Kisha fungua ncha za mipira, michache kwa wakati mmoja. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa dakika 3 au chini yake kutoka ncha moja, mwendo wa maji unatosha. Ikichelewa, umefungua mingi mno. Na filta uioshe, maana sina hakika kama umeigusa tangu uifunge.

Sasa huyo fundi. Mpira wa matone umetengenezwa kwa presha ya baa 1 hivi, yaani tangi lililoinuliwa mita 10. Kompresa yako hujaza mpaka baa 8. Mtu atasema "nitafungua kidogo", lakini kidogo hicho anakipima kwa sikio. Mipira ikichanika ni hasara ya fedha tu. Kinachoniudhi ni kwamba hao hao sasa wanayajaribu mabomba mapya ya PVC kama yanavuja kwa kuyajaza upepo, eti kuokoa maji. Bomba lililojaa maji likipasuka, presha huanguka papo hapo. Upepo ulioshindiliwa ni kama springi: PVC huvunjika vipande vyenye ncha kali, na kizibo huruka kama risasi. Mimi nimewahi kuokota kizibo cha inchi mbili juu ya paa la jirani, na aliyekifunga alikuwa amechutama mbele yake dakika moja kabla. Gundi haikuwa imekauka.

Bomba jipya lijaze maji polepole, ncha zikiwa wazi mpaka hewa yote itoke, ndipo ufunge na upandishe presha. Atakayekuja na kompresa, mwonyeshe tairi la baiskeli.