Jibu: Usitie maksi kazi iliyotoka nyumbani

Mkuu, simama hapo hapo kabla hujatuma hiyo fomu ya jaribio la Ijumaa. Umesema una darasa la pili, watoto 30, nusu wako mbele yako na nusu kwenye skrini, wanapokezana kila wiki. Kila Ijumaa wote watapewa jaribio la kuchagua jibu, linajisahihisha lenyewe, maksi zinaingia safu moja, mwisho wa muhula unatoa wastani. Halafu ukauliza programu gani ni nzuri, mrejesho utolewe vipi kwa mtoto ambaye bado anasoma kwa kusitasita, na ripoti ya wazazi iweje. Yote hayo yasubiri kwanza. Hiyo safu moja ndiyo itakayokumaliza.

Mtoto wa miaka saba au minane hafanyi jaribio peke yake nyumbani. Kuna mtu wa kuwasha kifaa, wa kumsomea swali, wa kubonyeza mahali pa kutuma. Na mtu huyo ana mdomo. Hata asipotaja jibu, mtoto akipatia yeye ananyamaza, akikosea anauliza, "Una uhakika?" Mtoto si mjinga, anabadilisha. Kwa hiyo wiki ya nyumbani anapata 9, wiki ya darasani anapata 4, na wewe unaandika wastani wa 6 na nusu, namba isiyomhusu mtu yeyote duniani. Mtoto hana 6 na nusu, na mjomba wake aliyekaa naye kwenye jaribio hana 6 na nusu. Mjomba ana 9 yake halali kabisa, maana ni mhasibu.

Hasara haiishii kwenye namba. Mwenye 6 na nusu hapangwi kwenye kikundi cha wanaohitaji msaada, kwa hiyo anapanda na pengo lake hadi mnapofika kwenye kutoa kwa kukopa, ndipo kila kitu kinaporomoka na wewe unashangaa imekuwaje. Wakati huohuo yule ambaye nyumbani hakuna mtu mwenye nafasi analeta 4 yake ya kweli, na daftari lako linamwita dhaifu kuliko mwenzake ambaye uwezo wao ni uleule.

Hapa ndipo ninapowakumbuka wale wawezeshaji wa semina na slaidi zao za rangi. "Inajisahihisha yenyewe, mwalimu anaokoa muda!" Hakuna aliyetaja kwamba swali lenye majibu manne, mtoto akibonyeza huku amefumba macho, atapatia moja kati ya manne. Kwenye maswali 10, mawili au matatu ni zawadi tu. Wao waliondoka na posho, walimu wakabaki na safu.

Sasa shika hili hata ukisahau mengine: maksi ni ya kile ulichomwona au kumsikia mtoto akikifanya mwenyewe, ana kwa ana au kwenye video ya moja kwa moja. Kazi ya nyumbani inapata mrejesho, maksi haipati. Mzazi akijua hakuna maksi, hana sababu ya kuficha msaada wake. Mwambie aandike juu ya ukurasa P kama mtoto amefanya peke yake, S kama amesaidiwa, na iwe kweli kwamba S haimpunguzii mtoto kitu. Ukitia maksi tu, kila ukurasa utakuja na P, hata ule wenye mwandiko wa mtu mzima.

Utasema muda hakuna. Chukua watoto 6 kwa siku, uwasikilize dakika 3 kila mmoja, wengine wakiwa na zoezi la kimya. Ni dakika 18, na kwa siku 5 umewamaliza wote 30. Kwa walio nyumbani, mwombe mlezi akae nyuma ya mtoto, ndani ya picha. Akikaa pembeni ya kamera humwoni, ila utaona macho ya mtoto yakikimbilia huko kabla ya kila jibu. Kifungu cha kusoma kionyeshe palepale, usikitume jana yake, kitakaririwa. Dakika moja inatosha. Wewe shika nakala yako, kila neno analokosea andika juu yake alichosema. Angalia kitu kimoja: vifaa vinavyochuja kelele vinaweza kumeza s na f, kwa hiyo kabla hujaandika kosa mwambie alirudie neno.

Kwenye hesabu, chagua namba zinazosema ukweli. Ukiuliza 42 − 17 na mtoto akajibu 35, hujui kitu: aliyegeuza akatoa 2 kwenye 7 anapata 35, na aliyekopa akasahau kupunguza makumi anapata 35 vilevile. Uliza 43 − 17. Wa kwanza atakupa 34, wa pili 36. Mwenye 34 mrudishe kwenye vijiti na mafungu ya kumi, kamera imeelekezwa mezani uione mikono. Mwenye 36 anajua kukopa, anachohitaji ni kukata ile 4 na kuandika 3 juu yake kabla hajaendelea. Fomu yako ya Ijumaa ingewapa wote alama moja nyekundu.

Mrejesho wenyewe ni ujumbe wa sauti, usizidi sekunde 30: jina lake, jambo moja alilopatia ukilitaja, jambo moja la kufanya sasa. "Umefungua fungu la kumi vizuri. Sasa hesabu mafungu yaliyobaki, uandike tena swali la tatu." Hiyo "hongera, kazi nzuri" haimwambii ashike nini. Wala usibandike namba pembeni. Mtafiti Ruth Butler alishaonyesha mwaka 1988, kwa watoto wakubwa kidogo kuliko wako, kwamba waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi, na waliopewa maoni pamoja na maksi hawakuipata faida hiyo. Utume siku ileile, kisha kesho yake dakika 10 za kwanza ziwe za kurudia, walio darasani na walio nyumbani.

Programu? Yoyote yenye kitufe cha kurekodi sauti ambacho mtoto anakipata bila kuita mtu. Hiyo fomu ifute, na kama umeshaituma, waandikie wazazi leo kwamba haihesabiwi.