W'R, O'E, T'O: hii ELIZA imeandikwa kwa lugha gani?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nasoma kompyuta mwaka wa pili, nimepata kurasa za programu ya ELIZA, ile ya kuchati ya zamani. Siku zote nilijua imeandikwa kwa Lisp, sasa nafungua nakutana na W'R, O'E, T'O, nukta kila mahali, wiki mbili sasa sielewi kitu. Hii lugha gani na inasomwaje? Na naweza kuifanya iongee Kiswahili?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na hongera kwa kuing'ang'ania. Hiyo sio Lisp, ni MAD-SLIP, yaani vitu viwili vimeunganishwa. MAD ni lugha iliyotoka Chuo Kikuu cha Michigan mwishoni mwa miaka ya 1950, na SLIP ni fankisheni (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina) za kushika listi alizotengeneza Joseph Weizenbaum, huyo huyo aliyeandika ELIZA pale chuo cha MIT, Marekani, kwenye kompyuta ya IBM 7094 kati ya 1964 na 1966. Habari ya Lisp ilianzia kwa Bernie Cosell, alitengeneza ELIZA yake kwa Lisp ikasambaa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, watu wakaizoea hiyo, ile ya mwanzo ikakaa kwenye maboksi ya nyaraka za MIT mpaka ilipotolewa 2021.

Sasa ufunguo wenyewe ni huu, na ukiushika nusu ya kazi imeisha. Waandishi wa MAD walichoka kuandika maneno marefu, wakawa wanachukua herufi ya kwanza na ya mwisho wanaweka koma ya juu katikati. WHENEVER, yaani "ikiwa", inakuwa W'R. OTHERWISE, "vinginevyo", inakuwa O'E. TRANSFER TO, yaani ruka uende mstari fulani, ni T'O. E'L ni END OF CONDITIONAL, hapo "ikiwa" imefungwa. Ukiona .E. hiyo ni "sawa na", .G. ni kubwa kuliko, .L. ndogo kuliko. Na neno lenye nukta mwishoni halafu mabano, kama YMATCH.( au ASSMBL.( hapo fankisheni inaitwa ifanye kazi, na majina yamekatwa hivyo kwa sababu neno moja la mashine ile, yaani chumba kimoja cha kumbukumbu yake, lilibeba herufi sita tu.

Hizo mbili nilizozitaja ndio moyo wa kazi yote, zisome kabla ya kitu kingine. YMATCH inachukua sentensi ya mtu inaipima na kiolezo, mfano (0 YOU 0 ME), sifuri maana yake maneno yoyote hata kama hayapo. Mtu akiandika IT SEEMS THAT YOU HATE ME inakatwa vipande vinne, cha tatu ni HATE. Halafu ASSMBL inachukua jibu lililoandaliwa, WHAT MAKES YOU THINK I 3 YOU, pale kwenye 3 inapachika kipande cha tatu, basi, mtu anaulizwa kwa nini anadhani anachukiwa. Mimi niliposhika hapo kwa mara ya kwanza sikulala, niliona uzuri wa kitu kidogo kinachofanya kazi kubwa.

Kiswahili sasa. Inawezekana ila usinakili kiolezo kama kilivyo, kitakuangusha, maana ELIZA inakata kwenye nafasi kati ya neno na neno, na sisi "you hate me" yote tunaisema kwa neno moja: unanichukia. Hakuna YOU ya kuikamata wala ME, vyote vimo ndani ya kitenzi. Kwa hiyo kabla ya YMATCH unahitaji kisu chako cha kukata viambishi, u-na-ni-chukia, ndipo ugeuze u iwe ni na ni iwe ku, upate "Kwa nini unadhani ninakuchukia?" Nimewahi kujaribu, kilichonitesa zaidi ni tunavyoandika kwenye simu, mtu anaunganisha "unanidhamu" badala ya "una nidhamu", mashine ikaona ni- ya mtendwa ikauliza kwa nini unadhani ninakudhamu. Utahitaji orodha ya mashina ya vitenzi ili kabla ya kukata ihakikishe kilichobaki ni kitenzi kweli, chukia imo, dhamu haimo. Anza na vitenzi hamsini ambavyo watu hutumia wakilalamika, penda, chukia, dharau, acha, sumbua, ukikwama nitumie mstari wenyewe uliokukwamisha.